Shajara ya mradi: kutoa solfa kwenye noti za mistari

Wiki ya 1

Nimeanza. Programu yenyewe ipo tayari: inachora mistari mitano, inapokea noti, inapiga sauti, inatoa ukurasa wa kuchapa. Ninachoongeza sasa ni kitu ambacho waimbaji wamekuwa wakiniomba tangu mwanzo, yaani kurasa za solfa. Nataka solfa kamili, ile ya herufi, nukta na vistari, ambayo mtu anaishika mkononi na kuiimba bila kuona noti hata moja.

Wengi hutumia njia ya mkato: wanaandika d, r, m, f (do, re, mi, fa) chini ya noti kama ubeti wa ziada wa maneno. Ukurasa unapendeza. Tatizo ni kwamba programu haijui kuwa zile herufi ni muziki. Ukisogeza noti moja juu, herufi inabaki ilipo. Ukikosea kipimo (fungu la mapigo) cha kumi na mbili, unarekebisha mara mbili, na siku utakayosahau mara moja, soprano ataimba kimoja na mpiga kinanda atapiga kingine. MuseScore, programu nyingine ya noti, inaweza hata kuandika majina ya solfa ndani ya vichwa vya noti, na hilo linasaidia mtu anayejifunza, lakini bado ni noti za mistari. Mwimbaji wa solfa anasoma mapigo kutoka kwenye nukta na vistari, na hivyo ndivyo vinavyokosekana.

Solfa hii ya herufi ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19. Sarah Glover aliitunga ya awali, John Curwen akaichukua, akairekebisha na kuieneza. Ilihitaji herufi za kawaida za mtambo wa chapa, kwa hiyo vitabu vya kwaya vilichapwa kwa bei ndogo na vikafika mbali. Nimekuwa nikiisoma upya kana kwamba sijawahi kuiimba. Kila alama ina kazi yake, na mimi nilikuwa nazifuata kwa mazoea tu.

Wiki ya 2

Kosa kubwa la kwanza, na nashukuru limejitokeza mapema. Ndani ya programu, kila noti ilihifadhiwa kama namba ya MIDI, lugha ambayo vinanda vya umeme na kompyuta huitumia kuambizana noti. MIDI ilitoka mwaka 1983. C ya katikati ni 60, na kila nusu toni inaongeza moja. Kwa kupiga sauti inatosha kabisa. Kwa solfa haitoshi hata kidogo. Namba 63 ni D shapu na ni E flati pia, maana kwenye kinanda ni kitufe kimoja cheusi. Lakini do ikiwa C, D shapu ni r iliyopandishwa, inaandikwa re. E flati ni m iliyoshushwa, inaandikwa ma. Anayeona re anajiweka tayari kupanda hadi m. Anayeona ma anajua anaelekea kushuka. Ukimwandikia moja badala ya nyingine, sauti ni ile ile lakini umemwonyesha njia isiyo yake.

Kwa hiyo kila noti sasa inabeba vitu vitatu: herufi yake, imepandishwa au imeshushwa kiasi gani, na iko oktava ipi. Namba ya MIDI inakokotolewa kutoka hapo pale tu inapohitajika kupiga sauti. Siku nne nzima zimekwenda kubadilisha kila mahali palipotegemea namba ya zamani, na sijutii hata moja.

Jambo la kuangalia kwa yeyote atakayesoma kodi hii (maandishi ya programu) baadaye: re ya herufi mbili siyo r. Noti ya pili ya skeli huandikwa kwa herufi moja tu, hata kama tunaitamka re. Vivyo hivyo la ya herufi mbili ni l iliyoshushwa. Nilijichanganya hapo asubuhi nzima.

Nyimbo za ufunguo mdogo zimekuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Katika solfa hii, E ndogo haihitaji do mpya. Do inabaki G, na wimbo unakaa kwenye l. Shapu moja mwanzoni mwa mistari inatosha kuniambia do iko wapi, na sihitaji kubahatisha kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. D shapu ndani yake inakuwa se, yaani s iliyopandishwa, kama inavyopaswa.

Wiki ya 3

Sauti za tena na besi zilitoka zimejaa vialama vya oktava ya chini. Kila herufi ilikuwa na kijinamba kando yake, ukurasa mzima ukawa kama umepigwa na mvua. Nikadhani hesabu yangu ya oktava imeharibika. Nikaipitia mara tatu, iko sawa.

Hesabu ilikuwa sawa. Kanuni ndiyo niliyokuwa siijui. Curwen aliagiza sauti za tena na besi ziandikwe oktava moja juu ya zinavyosikika, makusudi kupunguza vialama hivyo. Mwanamume anaona d bila alama, anaimba d ya kwake. Mstari mmoja wa kodi, na ukurasa ukatakata.

Imenigusa, kwa sababu nimeimba besi miaka mingi bila kujiuliza kwa nini d yangu na ya soprano zinafanana kwenye karatasi.

Wiki ya 4

Kufungua mafaili ya watu wengine. Hakuna anayetaka kuandika upya nyimbo mia mbili alizokwisha kuandika kwenye programu nyingine. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu iliyokuwepo tangu 1988, na tangu hapo nimepokea maombi mengi zaidi ya kusoma MusicXML. Huu ni muundo wa wazi wa kubadilishana noti, ulioanzishwa na Michael Good; toleo lake 1.0 ni la 2004 na toleo 4.0 ni la 2021. Programu kubwa zote za noti zinaweza kuutoa. Hautunzi kila pambo la ukurasa, lakini unatunza muziki, na unatunza herufi, upandishaji na oktava kila kimoja peke yake. Kazi ya wiki ya pili imenilipa hapa.

Jaribio la kwanza lilinishangaza: alto aliingia baada ya soprano kumaliza, kipimo kwa kipimo, kama wanaojibizana. Soprano na alto wanapokaa kwenye mistari mitano ile ile, MusicXML huandika kipimo kizima cha soprano, kisha agizo la kurudisha saa nyuma hadi mwanzo wa kipimo, kisha alto. Mimi nilikuwa nalisoma lile agizo na kulipuuza. Sasa naliheshimu, na wanaimba pamoja.

Wiki ya 5

Fupi. Noti sita za kugawana pigo moja, kila moja ni sehemu ya sita. Ukijumlisha sita hizo kwa desimali za kompyuta unapata 0.9999999999999999. Programu ikaona kipimo hakijajaa, ikaongeza pumziko dogo lisiloonekana, na kila kitu baada ya hapo kikasogea. Nimeondoa desimali zote kwenye muda wa noti. Sasa ni sehemu halisi, namba ya juu na ya chini, na sita za sita ni moja.

Wiki ya 6 na ya 7

Nafasi. Hapa ndipo nilipokaa kuliko mahali pengine pote, na ningependa kueleza vizuri.

Kwenye noti za mistari, noti ya mapigo mawili haipewi upana mara mbili ya noti ya pigo moja. Ingepewa, noti ndefu zingeacha jangwa na noti fupi zingebanana. Wachoraji wa noti wa zamani walijua hili kwa jicho. Kwenye programu yangu, kila muda unapozidishwa mara mbili, upana unazidishwa mara moja na nusu tu. Kisha mstari mzima unavutwa ujaze ukurasa, kila noti ikiwa kama imeshikwa na springi, nyingine laini, nyingine ngumu. Wazo la springi si langu. John Gourlay alilieleza mwaka 1987, na hadi leo sijaona lililo bora.

Nikachukua hesabu hiyo hiyo nikaitumia kwenye solfa. Matokeo yalionekana nadhifu kabisa, na hayakuimbika.

Nilipata taabu kuona kwa nini. Nikachukua kipimo kimoja, do ni G, mapigo manne:

| d :- .r | m :s |

G inashikwa pigo moja na nusu, A ya nusu pigo, kisha B na D za pigo moja moja. Kistari kinasema endelea kushika. Nukta inagawa pigo katikati. Nukta mbili zinaanza pigo dhaifu, na mstari uliosimama unaanza pigo lenye nguvu (ule wa kati kwenye ukurasa wenyewe ni mfupi, kwa kuwa pigo la tatu lina nguvu kidogo). Sasa ona: mwimbaji hahesabu urefu wa noti. Anahesabu mapigo, na mapigo anayaona kama vyumba. Chumba cha kwanza kina d. Cha pili kina kistari na r. Cha tatu m, cha nne s. Springi zangu zilikibana chumba cha kwanza kwa sababu kina herufi moja, zikakipanua cha pili kwa sababu kina vitu viwili. Mkono unaopiga mapigo unakwenda sawasawa, jicho linaruka hatua zisizo sawa, na viwili hivyo vinagombana.

Kwenye mistari mitano nafasi inafuata noti. Kwenye solfa inafuata pigo. Nimeandika sentensi hizo mbili kwenye karatasi na kuibandika mbele yangu.

Kwa hiyo kila pigo sasa lina upana mmoja, na sauti zote nne zinasimama chumba juu ya chumba. Anayeimba sauti ya tena anaweza kuinua jicho na kuona soprano yuko wapi kwenye pigo lile lile. Ndani ya chumba, nukta iko katikati barabara hata kama upande mmoja hauna kitu. Mkato wa robo pigo uko kwenye robo yake. Nilipoichapa mara ya kwanza nikaimba sauti zote nne peke yangu, moja baada ya nyingine, bila kusimama.

Kumebaki swali moja la kweli. Chumba chenye noti nne za robo pigo kinahitaji upana mkubwa. Je, kiwalazimishe wenzake kwenye ukurasa mzima? Nilijaribu. Wimbo wa ukurasa mmoja ukawa kurasa tatu kwa ajili ya kipimo kimoja chenye madoido. Nimeamua usawa uwe ndani ya mstari mmoja wa ukurasa. Mstari unaofuata una upana wake. Jicho likirudi kushoto linaanza upya hata hivyo, na mwendo hauvunjiki.

Wiki ya 8

Maneno. Nilitaka mtumiaji abandike ubeti mzima, programu igawe silabi na kuziweka chini ya noti. Kwa Kiswahili nilidhani ni kazi ya saa moja: silabi zetu huishia kwenye irabu, kata baada ya kila irabu, basi. Ki-ta-bu. Ngo-ma. Nywe-le. Ng'o-mbe. Safi.

Kisha m. M-to-to ni silabi tatu, na kila mwanakwaya anajua ile m inapata noti yake mwenyewe, midomo imefungwa. Na-a-m-ka ni nne. Nikaweka kanuni: m kabla ya konsonanti isiyo b ni silabi. Kanuni ikaanguka kwenye hamsini, kwa sababu tunaimba ham-si-ni. Ikaja labda, maktaba, daftari, maneno tuliyopokea yakiwa na silabi zilizofungwa. Hayo nimeyaandikia orodha, na mtumiaji anaweza kuongeza yake.

Lakini neno lililonisimamisha kabisa ni mbaya. Mtu mbaya: m-ba-ya, noti tatu. Nyumba mbaya: mba-ya, noti mbili. Herufi ni zile zile. Tofauti iko kwenye ngeli ya jina lililotangulia, na programu ya noti haijui ngeli. Hata ingejua, jina lenyewe linaweza kuwa kwenye ubeti uliopita. Nilitumia siku mbili nikijaribu kubuni njia ya kukisia, nikaona nafanya kosa. Atakayeimba anajua. Sasa programu inapokuta mb mwanzoni mwa neno kama hilo, inakata mba-ya, inalipigia neno mstari wa rangi, na mtumiaji akiligusa mara moja linakuwa m-ba-ya. Kukisia kimyakimya ni kubaya kuliko kuuliza, kwa sababu silabi moja ikikosewa, maneno yote yaliyobaki yanasogea noti moja na huoni hadi mwisho wa ubeti.

Irabu mbili zinazokutana nazo zina mambo yake. Mtunzi mara nyingi huziweka kwenye noti moja, e ya mwisho wa neno na u ya mwanzo wa lijalo, zikaimbwa kwa pumzi moja. Nimeongeza kiunganishi kidogo chini yake: nawe‿unajua. MusicXML ina mahali pa kulitunza hilo, kwa hiyo halipotei faili likihamia kwingine.

Na kinyume chake, silabi moja kwenye noti nyingi. Kwenye mistari tunachora upinde. Kwenye solfa tunapiga mstari chini ya herufi zinazobeba silabi hiyo. Programu inajichorea yenyewe sasa, kwa kuwa inajua silabi inaanzia wapi na inaishia wapi. Mtumiaji haguswi na kazi hiyo kabisa, na katika yote niliyoongeza hili ndilo linalonifurahisha kimya kimya kila ninapofungua faili.

Wiki ya 9

Nimegusa upande wa mistari kidogo. Natumia fonti ya Bravura, ambayo ni huru na inafuata kanuni ya SMuFL: kila alama ya muziki ina namba yake maalumu, na kipimo cha kila kitu ni nafasi kati ya mistari miwili. Palikuwa na ufa mwembamba kati ya kichwa cha noti na mguu wake, unaoonekana tu ukichapa kwa ukubwa. Nilikuwa nimeuweka mguu kwa jicho. Fonti yenyewe inasema mahali pake: nafasi 1.18 kulia, 0.168 juu. Nikaweka hivyo, ufa ukafungwa. Ukubwa wa fonti yenyewe ni nafasi nne kamili, sawa na kimo cha mistari yote mitano.

Wiki ya 10

Kuhamisha ufunguo. Kwaya ikichoka juu, mwalimu anataka toni nzima chini. Kwenye mistari, kila noti inasogea, shapu moja inaondoka, flati moja inaingia, miguu mingine inageuka juu chini. Kwenye solfa, do ni G inakuwa do ni F. Basi. Herufi zote zinabaki. Nimeijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu inapendeza kutazama ukurasa mmoja ukihangaika na mwingine ukitulia, ilhali vyote viwili vinatoka kwenye data moja.

Kuhama kwa do katikati ya wimbo ndiko kugumu. Wimbo wa G ukipita D kwa mistari miwili, C shapu zote zinaweza kuandikwa fe (f iliyopandishwa), do ikibaki palepale. Au do inahama: noti ya daraja inaandikwa, s ndogo pembeni ya d kubwa, maana yake imba iliyokuwa s, iite d. Zikiwa fe moja au mbili, zinaimbika. Zikiwa nane, mwimbaji amekwisha kuhama kichwani na karatasi inamrudisha nyuma kwa nguvu. Sijaiachia programu iamue. Mtumiaji anachagua noti, anabonyeza Hamisha do, na daraja linaandikwa kwenye sauti zote nne kwa pamoja, kila sauti na herufi yake. Kurudi nyumbani ni hivyo hivyo. Programu inapendekeza tu, ikiona noti ya nne iliyopandishwa, yaani fe, imejirudia kwenye vipimo kadhaa mfululizo.

Wiki ya 11

Nimempelekea mwalimu wa kwaya mmoja ukurasa wa kwanza uliotoka wote kwenye programu, bila kuguswa na kalamu. Amefundisha solfa tangu sijazaliwa. Aliimba soprano, akaimba alto, akapiga mapigo mezani kwa kidole. Kwenye kipimo cha mwisho kidole kikasimama.

"Mwanangu, hapa wino umekwisha, au tunanyamaza?"

"Mnanyamaza, Mwalimu. Mapigo mawili."

"Siyaoni."

Nikatazama. Katika solfa, pumziko ni chumba kitupu. Hakuna alama, kuna nafasi tu. Na programu yangu, ili kubana ukurasa, ilikuwa inakata nafasi nyeupe mwishoni mwa kila mstari. Kipimo kiliishia kwenye herufi ya mwisho, kana kwamba kina mapigo mawili. Katikati ya mstari pumziko lilikuwa salama kwa sababu lina jirani. Mwishoni lilikuwa halina wa kulilinda. Majaribio yangu yote yalipita, kwa kuwa yalikuwa yanahesabu data, na data ilikuwa sahihi.

Nimeondoa ukataji huo. Vistari na nukta mbili vinachorwa hata mahali pasipo na herufi, na kila chumba kitupu kina upana ule ule wa chumba kilichojaa. Nimechapa upya na kumrudishia jioni ile ile. Kipimo cha mwisho sasa kinasomeka hivi:

| d :- |   :   ‖

Kidole kiligonga meza mara nne.